Kauli ya Kutendewa Imetosha

Wanafunzi wangu wa pande zote mbili za mpaka, leo nina ugomvi, na sehemu kubwa ya ugomvi huo ni juu yangu mwenyewe.

Kila tarehe 3 Desemba ulimwengu huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1992. Mwaka juzi, siku chache kabla ya maadhimisho hayo, muhula ukielekea ukingoni, niliwachukua wanafunzi 28 hadi kwenye kituo kimoja cha vijana wenye ulemavu nje kidogo ya mji wa Tororo. Tulikodi takisi mbili. Tulibeba sabuni za miche, sukari, chumvi, na bango lenye jina la shule yetu kwa herufi kubwa. Tuliimba, tukahutubu, tukagawa vitu, tukapiga picha. Ilikuwa ziara nzuri kwa kipimo chetu cha siku zote.

Tulipokuwa tukiaga, msichana mmoja wa miaka 20 hivi, aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu, alinishika mkono wa shati. "Mwalimu, asante kwa sabuni," alisema. "Na sisi tuje kwenu lini?"

Nilicheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. "Ninyi huja kila mwaka, Mwalimu. Hakuna aliyewahi kutuuliza sisi tunaweza kuwafanyia nini."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tutaona, neno ambalo sisi walimu hulitumia tunapotaka jambo life polepole bila kelele.

Shuleni niliwapa wanafunzi insha juu ya ziara ile, na nilipokuwa nikisahihisha usiku ndipo nilipoiona aibu yetu imeandikwa kwa kalamu ya buluu. Nilianza kupigia mistari vitenzi vilivyotumika kuwahusu wale vijana: walitembelewa, waliletewa, waligawiwa, waliimbiwa, waliombewa, walipigwa picha. Katika insha 28, kitenzi pekee cha kauli ya kutenda walichopewa kilikuwa "walifurahi". Sarufi ilikuwa sahihi kabisa. Wengi nilikuwa nimewafundisha kauli ya kutendwa na ya kutendewa wiki mbili tu kabla ya hapo, na niliwapa alama nzuri. Kwa mujibu wa insha zile, wale vijana hawakufanya chochote duniani ila kupokea na kufurahi.

Ugomvi wangu basi ni huu: tunachokiita huduma kwa jamii katika shule zetu za Busia na Tororo ni huduma inayohitaji mtu mmoja akae chini na kungoja ili mwingine ajione mwema. Na mtu yule wa kungoja tumekwisha kumteua. Kijana mwenye ulemavu ndiye kituo cha mwisho cha wema wetu. Hatumwiti aje kufagia soko pamoja nasi, kupanda miti, kuhesabu wapiga kura, kumsomea mzee barua. Tunampelekea sabuni.

Tazameni neno lenyewe, "kujitolea". Mzizi wake ni toa. Ukatiwa kiambishi cha kutendea ukawa tolea. Kisha ukatanguliwa na ji, kirejeshi, kile kinachomrudishia mtenda tendo lake. Anayejitolea ndiye anayetoa na ndiye anayetolewa. Hakuna awezaye kujitolea kwa niaba yako. Ndiyo maana nasema kwamba kumfungia mtu mlango wa kujitolea si kumpunguzia mzigo. Ni kumnyang'anya kitenzi ambacho hakiwezi kutendwa na mwingine badala yake.

Kuna wanaodai kwamba kosa limo ndani ya Kiswahili chenyewe. Wanasema: tazama, kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, wote wamewekwa katika ngeli ya KI-VI pamoja na viti na vikombe. Hoja hiyo nimeisikia hata katika semina za walimu, na ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba baadhi ya maneno hayo yamechakazwa na matusi, na ndiyo sababu leo tunaandika "mtu mwenye ulemavu", "mtu mwenye ulemavu wa kuona", na si vinginevyo. Lakini sarufi haikumfanya kipofu kuwa kikombe. Tunasema kipofu amefika, viziwi wamekubali. Anayesema "kimefika" ana nia ya dharau, na dharau hiyo ameitoa moyoni mwake, hakuitoa kwenye kamusi. Isitoshe, katika ngeli hiyohiyo tunamkuta kijana. Tunamkuta na kiongozi. Lugha imewaketisha kijana, kiziwi na kiongozi kwenye benchi moja muda mrefu kabla ya shule zetu kufikiria jambo hilo.

Na wale wanaodhani kwamba vijana hawa hawana cha kuwapa wenzao, ama hawajui historia ya mji wanamoishi, ama wameamua kuisahau.

Mnajua kwamba neno bodaboda lilizaliwa hapa mpakani. Waendesha baiskeli waliwavusha watu na mizigo yao kutoka kituo cha forodha cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, wakiita abiria kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakilirudia mara mbili. Leo bodaboda iko Kampala, Mombasa, Dar es Salaam na Goma. Lakini kulikuwa na waendeshaji wengine ambao historia haikuwasambaza hivyo. Hao walikuwa watu ambao miguu yao ilipooza, wengi kwa sababu ya polio, na ambao waliketi kwenye baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Nyuma ya kiti palipakiwa mizigo, na walivuka mpaka wa Busia huku na huku siku nzima. Watafiti Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 2007, na wazee wa Busia hawahitaji kitabu ili kuwakumbuka. Wafanyabiashara waliwatafuta kwa sababu mbili: baiskeli zile zilibeba mzigo mkubwa, na maofisa wa forodha waliona haya au huruma kuwasumbua kwa ushuru.

Msinielewe vibaya. Sisifu magendo. Huruma ile ya forodha ilikuwa na sumu yake, kwa maana tajiri aliyeogopa ushuru alijificha nyuma ya mgongo wa mtu asiyeweza kukimbia mambo yakiharibika. Hata hivyo, tukiweka magendo kando, ukweli unabaki palepale. Watu ambao sisi leo tunawaona hawafai hata kushika fagio la kusafishia soko walilisha familia na kusomesha watoto kwa nguvu za mikono yao. Mji huu ulikula mgongoni mwao. Mwaka 2018 kikazinduliwa kituo cha pamoja cha mpakani, ukaguzi ukafanywa mara moja badala ya mara mbili, malori yakapita upesi, na njia za kazi za watu wadogo zikabadilika. Mwaka 2020 likaja janga la korona, mipaka ikafungwa kwa wasafiri ilhali mizigo ya malori iliruhusiwa, na atakayekumbuka foleni za Malaba atakumbuka pia nani hakuwamo katika foleni hizo.

Nitaje sheria kwa ufupi, kwani hii ni kurasa ya elimu ya uraia na si ya manung'uniko tu. Mimi si mwanasheria; nina stashahada ya ualimu na vumbi la chaki. Lakini katiba imeandikwa isomwe na wenye nchi. Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 35, inasema watu wenye ulemavu wana haki ya kuheshimiwa utu wao, na katika malengo yake ya taifa inaitaka dola iendeleze lugha ya alama. Bunge lina viti 5 vya wawakilishi wa watu wenye ulemavu. Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia humo mwaka 1996. Katika halmashauri za mitaa wapo madiwani wawili wenye ulemavu, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume. Ng'ambo ya pili, Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inataka hatua kwa hatua angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na za kuteuliwa zishikwe na watu wenye ulemavu. Na kifungu cha 120 kinataja lugha rasmi za Bunge: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Alama ya Kenya. Ninyi mnaojifunza Kiswahili, jueni kwamba lugha yenu na lugha ya viziwi zimeketi katika sentensi moja ya katiba. Nchi zote mbili ziliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008.

Sasa niulize swali la mwalimu. Diwani hutoka wapi? Mbunge hutoka wapi? Hatoki mbinguni na kanuni za mikutano mkononi. Hutoka katika kamati ya kisima, katika umoja wa vijana wa parokia au wa msikiti, katika kikundi cha kusafisha soko, mahali ambapo mtu hujifunza kusimamia fedha kidogo, kubishana bila kugombana, kushindwa kura na kuja tena wiki ijayo. Tukimzuia kijana mwenye ulemavu kwenye kamati ya kisima, kisha tukamtengea kiti bungeni, tumemjengea ghorofa bila ngazi. (Na kwa bahati mbaya, mara nyingi ghorofa zetu zina ngazi tu na hazina kitu kingine.)

Hata idadi yao hatukubaliani. Sensa ya Kenya ya 2019 ilipata kwamba asilimia 2.2 ya watu wenye umri wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu. Sensa ya Uganda ya 2014 ilipata zaidi ya asilimia 12 kwa wenye umri wa miaka 2 na zaidi. Je, ukivuka kutoka Busia hadi Busia unapona? Siri imo katika swali na katika kipimo: Uganda iliwahesabu hata wenye ugumu kiasi wa kuona, kusikia au kutembea, Kenya iliripoti wale wenye ugumu mkubwa au wasioweza kabisa. Familia moja ya Kisamia au ya Kiteso, yenye ndugu pande zote mbili, ina watu wenye ulemavu au haina kulingana na karani aliyebisha hodi. Kazi ya kuwahesabu watu hawa vizuri, kijiji kwa kijiji, ni nani angeifanya kwa umakini kuwazidi vijana wenyewe?

Jambo hili lina haraka kwa sababu mitaala imebadilika. Nchini Kenya, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wameingia Gredi ya 10 mwaka 2026, na huduma kwa jamii ni somo lililowekwa miongoni mwa yale ya lazima. Nchini Uganda, mtaala wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unamtaka mwanafunzi afanye miradi. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1967 ndipo Wamarekani wawili, Robert Sigmon na William Ramsey, walipoanza kulitumia jina la Kiingereza la mafunzo ya kuhudumu. Na mwaka huohuo Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe sehemu ya jamii inayoilisha. Kabla yao wote hao, babu zetu walilima shamba la mgonjwa kwa zamu na kuitengeneza njia ya kijiji pamoja. Lakini katika mradi wowote wa sasa lipo swali moja ambalo mwalimu hulikwepa: mwanafunzi au kijana mwenye ulemavu atawekwa wapi, upande wa wahudumu au upande wa wahudumiwa? Asipoulizwa, atawekwa upande wa sabuni.

Nimepingwa, na wapinzani wangu si wajinga. Mwenzangu mmoja aliniambia katika chumba cha walimu: "Ndugu yangu, hawa watu hawana ajira, nawe unataka wafanye kazi bure? Kwanza wapewe haki zao." Hoja hiyo ilinikosesha usingizi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Pana mashirika yanayopenda sana neno kujitolea kwa kuwa halina mshahara ndani yake. Kijana mwenye ulemavu akifanywa karani asiyelipwa kwa miaka mitatu, huo ni unyonyaji, uitwe jina lolote. Kwa hiyo nasema wazi: muda uwe na mwisho, kazi isiwe ile ambayo mwingine hulipwa kwa kuifanya, na cheti kitolewe chenye kutaja alichofanya. Nauli ilipwe kabla, si kurudishwa baadaye. Mtu mwenye kiti cha magurudumu hutozwa nauli yake na ya kiti chake, na kiziwi huhitaji mkalimani. Kumwita ajitolee bila kuyafikiria hayo ni kumwalika mtu karamuni na kumfungia mlango.

Lakini nusu ya pili ya hoja ya mwenzangu ni uongo mtamu. Kijana asiye na ulemavu anayemaliza shule na kukosa kazi hufanya nini? Hujitolea zahanati, kanisani, katika timu ya mpira, kwenye kampeni ya chanjo. Hapo hupata watu wanaomjua kwa kazi yake. Nafasi ikitokea, jina lake ndilo hutajwa. Mlango huo wa nyuma wa ajira wote tunaujua, na walimu wengi tumeupitia. Kumwambia kijana mwenye ulemavu asubiri haki kwanza, wakati wenzake wanapita mlango huo, ni kumheshimu hadi anazeeka nyumbani.

Mama mmoja, mzazi, aliniambia kitu kigumu zaidi. Alisema, "Mwalimu, watu wakimwona mwanangu anafagia sokoni watasema nimemtuma akaombe." Sikumjibu haraka. Mama huyo anayajua macho ya soko kuliko mimi. Nilimwambia tu kwamba mwanawe ana miaka 23, na kwamba swali hilo amuulize yeye. Alinitazama kama mtu ambaye hakuwahi kulifikiria hilo, kisha akasema atamuuliza.

Nirudi kwa msichana wa kiti cha magurudumu. "Tutaona" yangu haikumtosha. Alinitumia ujumbe mara nne, na muhula wa kwanza mwaka jana nikaona aibu, nikamwalika. Walikuja vijana 9. Niliwauliza wanataka kutufanyia nini, nikitarajia wimbo. Walitoa utepe wa kupimia wa fundi cherehani.

Walitaka kuikagua shule. Kila mmoja aliongozana na wanafunzi wangu watatu, na walizunguka siku nzima. Maktaba ina vidato vitatu, kila kimoja sentimita 15. Kijana mmoja kiziwi aliandika kwenye daftari kwamba njia ya mteremko inayofaa kiti huhitaji urefu wa mara 12 ya kimo chake, kisha akampa kalamu mwanafunzi wangu wa Senior Three, yule ambaye kila wiki hunung'unika kwamba uwiano hauna matumizi maishani. Sentimita 45 mara 12: mita 5 na sentimita 40. Mwanafunzi alipiga hesabu mara mbili, akaenda kuupima uwanja kwa hatua zake kuona kama mteremko utaenea. Mlango wa choo ulikuwa na upana wa sentimita 61. Kiti cha yule msichana kilihitaji 70. Tumekaa miaka mingi chini ya Mwamba wa Tororo, katika mji unaotengeneza saruji ya kujengea nusu ya nchi, na hatukuwahi kumwaga karai moja ya saruji mbele ya maktaba.

Jioni waliandika ripoti pamoja kwa Kiswahili. Wanafunzi wangu walisahihisha upatanisho wa kisarufi. Wageni walisahihisha mambo mengine, likiwamo neno "wagonjwa" ambalo mwanafunzi mmoja alilitumia kuwataja. Nakala ninayo mezani. Nimevipigia mistari vitenzi vyake kama nilivyofanya kwa insha zile: tumepima, tumeona, tunapendekeza, tutarudi kukagua.

Bodi ya shule ilikubali mteremko wa maktaba, wazazi wakachanga mifuko ya saruji, na sasa upo, ingawa fundi aliufupisha hadi mita 4 na una mwinuko mkali unaowalazimu wanafunzi wawili kusukuma kiti. Mlango wa choo bado ni sentimita 61. Tangu hapo vijana wale wamekagua zahanati moja na soko moja, na wanafunzi wangu wanaongozana nao kila Jumamosi ya pili ya mwezi kama mradi wao wa darasa. Kazi wanayoitaka sasa ni kukagua vituo vya kupigia kura upande wa Busia ya Kenya kabla ya uchaguzi wa 2027, na wamekwama kwa sababu hakuna miongoni mwao ajuaye Lugha ya Alama ya Kenya, ambayo si sawa na ile ya Uganda. Ikiwa wewe unayesoma uko upande ule, unaijua, na una Jumamosi moja, uwaandikie kupitia kwangu. Nauli ipo; tumeitenga tayari.